Hawapotei, wanakufa

Wadau, nimekuwa kimya hapa kama wiki tatu hivi, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeoa au nimefukuzwa kazi. Yote mawili bado. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa naandika mambo ambayo kesho yake nayafuta. Safari hii wiki tatu zimepita na hasira ipo palepale, basi acha niandike.

Ilianza na picha. Nipo kwenye grupu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja chuo, watu kama mia na ishirini, wengi sasa wapo benki, wapo halmashauri, wapo kwenye mashirika, na sisi wachache wa magazeti tunaoombwa kila siku tutoe matangazo ya watu bure. Siku za kawaida tunarushiana vichekesho, michango ya harusi na mabishano ya Simba na Yanga. Jumapili moja usiku mtu akarusha picha ya mwanamume mwenye ualbino ambaye kidonda kimekula sikio lote la kushoto na kinashuka shingoni. Nyama iko wazi. Chini ya picha kuna maandishi: usipite bila kuandika AMINA, shetani atakuzuia kutuma kwa watu kumi. Halafu namba ya simu ya kutumia mchango.

Nusu saa haijaisha amina zilikuwa zimepita arobaini, na vile viuso vya kulia. Kisha wakaanza kujadili, na mjadala ndio ulioniudhi kuliko picha yenyewe. Mmoja, mtu wa benki, akasema hao ndivyo walivyoumbwa, ngozi yao haina nguvu, hawaishi sana. Mwingine akasema saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu, sisi weusi hautuhusu, na hawa ndugu zetu wanaupata kwa kuwa wanafanana na Wazungu. Wa tatu akaleta dawa: majani ya mstafeli, yana nguvu mara elfu kumi kuliko dawa za hospitali, madaktari wanaficha. Dada mmoja akageuza mada ikawa mkorogo, "na nyie mnaojichubua mjiandae", viuso vya kucheka. Na mwishoni kabisa mtu akauliza kwa utani, hivi si wanasema hawa hawafi, wanapotea?

Dakika mbili baadaye ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu: fulani ameondoka. Huyo aliyeondoka ndiye peke yake kati yetu mia na ishirini mwenye ualbino. Alikuwa anasoma yote. Tumekaa naye darasa moja miaka mitatu, na hakuna hata mtu mmoja, mimi nikiwemo, aliyekumbuka kwamba yumo! Saa moja baadaye mtu akaandika, kwani tumemkosea nini?

Haya. Mimi najaribu kujibu hilo swali.

Nianze na ule utani wa kupotea, kwa sababu siyo utani. Wengi wetu tumelelewa nao. Bibi yangu, mwanamke mcha Mungu asiyeweza kumdhuru hata kuku wa jirani, aliamini mpaka anazikwa kwamba zeruzeru hafi, siku yake ikifika anatoweka tu. (Neno zeruzeru silitumii, naliweka hapa kwa kuwa ndivyo alivyosema.) Ukiwa mtoto unalicheka, ukiwa mkubwa unalipuuza, na ukiwa mwandishi wa habari inabidi ujiulize lilitoka wapi. Imani kama hii huota mahali penye jambo ambalo watu wameliona bila kulielewa. Watu waliona nini? Waliona kwamba kijijini kuna mtoto mwenye ualbino, kuna kijana mwenye ualbino, lakini mzee mwenye ualbino hakuna. Kwa hiyo wakahitimisha kwamba wanakwenda mahali. Wanakwenda wapi? Wanakwenda kufia ndani, kwenye chumba cha nyuma, na kidonda kinachonuka ambacho familia inaona aibu kukionyesha, wakiwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Mwaka 1985 madaktari wa saratani wa Dar es Salaam walichapisha waliyoyaona kwa watu 350 wenye ualbino. Ngozi ilikuwa imeanza kuharibika tangu utotoni kabisa, na kati ya waliofikisha miaka 20 hakukuwa na aliyebaki bila yale madoa magumu ya jua yanayotangulia saratani. Walikuwemo wenye miaka kati ya 20 na 30 waliokuwa tayari na saratani. Hao walikuwa watu wa mjini, siyo wa porini wasiojua hospitali iko wapi. Miaka arobaini imepita tangu ule utafiti, na sisi wenye shahada bado tunafanya mzaha na kupotea.

Sasa huyu bwana wa benki na "ndivyo walivyoumbwa". Hakuna aliyeumbwa na saratani. Ualbino unatokana na vinasaba, mtoto anarithi kwa baba na kwa mama, na wazazi wenyewe wanaweza wasionyeshe dalili yoyote. Wote wawili wakiwa wamebeba, kila mimba ina uwezekano mmoja kati ya minne wa kumleta mtoto mwenye ualbino. Anachokosa huyo mtoto ni ile rangi ya ngozi, melanini, ambayo kwako wewe na mimi inafanya kazi ya mwavuli. Mwavuli hakuna, jua la Shinyanga lipo. Saratani inayowaua zaidi siyo ile kali ya madoa meusi inayoonyeshwa kwenye sinema za Marekani. Ni ile ya tabaka la juu la ngozi, inaanza kama kigaga kisichopona, kwenye sikio, kwenye mdomo wa chini, usoni, nyuma ya shingo, mgongo wa kiganja. Inatembea polepole. Polepole sana! Inatoa miezi, mara nyingi miaka, ya kuiona na kuiondoa. Kigaga kikiwa bado kigaga tu, daktari anakigandisha kwa kimiminika cha baridi kali, unasikia kama umechomwa na sigara, unarudi nyumbani. Kikishakuwa saratani ndogo, anakipiga ganzi na kukikata, unarudi nyumbani siku hiyohiyo na bandeji.

Ile picha iliyopitishwa na amina arobaini, kwa hiyo, ni picha ya miaka. Lile sikio halikuliwa kwa usiku mmoja. Kuna siku lilikuwa na kigaga ukubwa wa punje ya mchele, na siku hiyo hakuna aliyempiga picha, kwa kuwa kigaga hakina mvuto. Nani ataandika amina kwa kigaga?

Hapa najua kuna atakayesema, we bwana mwandishi, na nyie magazeti je? Nakubali. Nakubali kabisa, na hili ndilo lililonikera mpaka nikanyamaza wiki tatu, kwa sababu nilipotaka kuwarukia wenzangu kwenye grupu nikakumbuka mimi mwenyewe nimeandika nini.

Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kuandikwa kwa wingi, kuanzia 2006 na 2007, nilikuwa shule ya msingi. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja akaingia kwa waganga wa Kanda ya Ziwa, na nchi nzima ikasikia kwamba kuna watu wanauza viungo vya binadamu. Mtoto wa darasa la pili mwenye ualbino shuleni kwetu akaanza kuitwa "dili". Tuliimba kabisa. Wengine mnakumbuka, msijifanye. Nilipoajiriwa gazetini nikakuta habari ya ualbino ina umbo moja tu: panga, mganga, polisi, machozi. Juni 2024 mwili wa yule mtoto mdogo wa Muleba, Kagera, ulipopatikana baada ya kutekwa mwishoni mwa Mei, chumba kizima cha habari kiliacha kila kitu, na ilikuwa sawa kuacha. Mtu asinisome vibaya hapa. Panga ni panga, na anayeua mtoto kwa ajili ya kiungo chake hastahili hata aya moja ya utetezi.

Lakini nilipoleta habari ya losheni za kukinga jua, ilikatwa ikawa aya tatu ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la magodoro. Mhariri (simtaji, wala gazeti silitaji, nataka kula) akaniambia, "Mdogo wangu, jua siyo habari. Jua limekuwepo siku zote." Nikacheka naye. Nilicheka! Baadaye nikakaa nikapiga hesabu. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 16,000 wenye ualbino Tanzania. Mauaji yaliyoripotiwa nchini tangu mwaka 2000, kwa orodha za mashirika yanayofuatilia, hayafiki mia. Kila mmoja wa hao ni jinai inayotia aibu nchi nzima. Hao elfu kumi na sita wote, bila kumtoa hata mmoja, wanatoka nje asubuhi na jua linawakuta. Serikali iliwakusanya watoto kwenye shule kama Buhangija kule Shinyanga, Mitindo kule Misungwi na Kabanga kule Kasulu ili wasiuawe. Ukuta unazuia panga. Jua linapita juu ya ukuta, na mtoto anacheza uwanjani saa nane mchana na kaptula.

Kwa hiyo tumewafundisha wasomaji wetu kwamba mtu mwenye ualbino anakufa kwa namna moja tu, ya kutisha, na akifa kwa namna nyingine basi ni mapenzi ya Mungu. Halafu tunashangaa watu wakiandika amina.

Nilimpigia yule rafiki yetu aliyeondoka. Hakupokea siku ya kwanza. Siku ya pili akapokea na kuniuliza kama nimetumwa na grupu.

"Hapana kaka, nimepiga mwenyewe."

"Basi kaka, ile picha mimi nimeshatumiwa mara sita mwaka huu. Na watu tofauti, wengine kanisani kwetu. Wanaandika 'pole sana'. Wanadhani sijawahi kujiangalia kwenye kioo?"

Akanyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho bado kinanikaa kichwani, kwamba kila mtu anayemtumia ile picha ni kama anamwonyesha atakavyokufa, halafu anamuaga.

Yeye ana miaka ishirini na tisa. Anakwenda kliniki ya ngozi kila baada ya miezi sita, ameshagandishwa madoa mara nyingi hata hazihesabu, na ameshakatwa mara moja kwenye mdomo. Ule mkato tuliuona tukiwa mwaka wa pili, tukadhani ameanguka na bodaboda. Zile shati za mikono mirefu alizovaa hata Februari, Dar es Salaam, tulidhani ni ulokole. Ile kofia pana tulimwita nayo "Mexico". Miaka mitatu tulikuwa tunaangalia kinga dhidi ya saratani inatembea mbele yetu, tukaona ni vituko.

Nikamuuliza kuhusu losheni. Hapo akachangamka, akanipa hesabu ambayo nimeirudia mwenyewe kwa kalamu. Madaktari wa ngozi hupima kwa kijiko cha chai: kimoja uso na shingo, kimoja kwa kila mkono. Kijiko cha chai ni mililita 5. Ukiwa na mikono mifupi unatumia mililita 15 kwa kupaka mara moja. Chupa ya mililita 100 inapaka mara sita na kidogo. Ukipaka mara mbili tu kwa siku, chupa imeisha siku ya tatu, ikienda sana ya nne. Na ukiwa juani kutwa unatakiwa kurudia kila baada ya saa mbili, siyo mara mbili kwa siku. Ukivaa mikono mirefu na suruali unabaki na uso, masikio, shingo na viganja, labda kijiko kimoja na nusu, na chupa hiyohiyo inasogea mpaka karibu wiki. "Ndiyo maana ya ule ulokole," akasema.

Sasa kumbukeni tarehe 13 Juni. Siku hiyo ilitangazwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014 na ikaanza kuadhimishwa 2015, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Hapa kwetu kunakuwa na fulana, kunakuwa na hema, mgeni rasmi yuko kivulini, na mnaoadhimishwa wamesimama juani kwenye maandamano ya asubuhi. Mgeni rasmi anakabidhi losheni. Mtu mmoja, chupa moja, picha moja. Picha inakwenda mtandaoni na "hongera mheshimiwa". Piga hesabu ya kijiko: mheshimiwa amemkinga mwananchi wake hadi kama tarehe 20 Juni, kama mwananchi ana mashati marefu. Siku zinazobaki za mwaka atajijua.

Na siyo kwamba hatujui kutengeneza. Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa 1992, na hapohapo ndipo ilipoanzia losheni ya Kilisun, iliyobuniwa na mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, mahsusi kwa watu wenye ualbino wa hapa. Imetengenezwa Kilimanjaro, na wengine wanaoitengeneza wana ualbino wenyewe. Ni watu wangapi kwenye grupu letu wanaijua Kilisun? Niliuliza. Wawili. Ni wangapi wanajua majani ya mstafeli? Wote.

Tuje kwa huo mstafeli, ingawa sitaki kuupa nafasi kubwa. Ile habari ya "mara elfu kumi" inatokana na majaribio ya maabara, kemikali iliyotolewa kwenye mti ikawekwa juu ya seli ndani ya kichupa. Ndani ya kichupa hata jiki inaua seli za saratani. Kati ya kichupa na sikio la binadamu kuna safari ndefu ya majaribio ambayo chai ya mstafeli haijaipita. Nchi hii tumeshakunywa kikombe. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, shilingi 500 kikombe, na waliokwenda hawakuwa wajinga, walikuwemo mawaziri. Simlaumu anayekwenda. Mtu mwenye maumivu atakunywa chochote. Namlaumu anayerusha, yule asiye na kidonda, mwenye shahada, aliyekaa kwenye kochi, ambaye kwa kidole kimoja anampa mgonjwa sababu ya kungoja miezi mingine mitatu. Nimesema saratani hii inatembea polepole. Hiyo miezi mitatu ya majani ndiyo tofauti ya kukatwa kwa ganzi na kwenda Ocean Road kupigwa mionzi shingo nzima.

Na "ugonjwa wa Wazungu" je? Hapa ndipo ujinga wetu unapotuuma wenyewe. Bob Marley alikuwa Mzungu? Mnaimba nyimbo zake kila wikiendi, mna fulana zake. Mwaka 1977 aligundulika na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Wengine walidhani ni jeraha la mpira. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa, ikaishia kuondolewa ukucha na nyama kidogo. Saratani ikasambaa mpaka kwenye mapafu na ubongo, akaenda kukaa miezi kwa daktari wa tiba mbadala Ujerumani, na tarehe 11 Mei 1981 akafia Miami akiwa na miaka 36. Kwenye mitandao sasa hivi mtakuta hadithi kwamba alipewa viatu vyenye waya wa sumu na majasusi. Ni tamu zaidi, sikatai. Lakini aina ile ya saratani haihitaji jasusi. Ndiyo aina ya melanoma inayotupata zaidi sisi weusi, na inakaa kule ambako hata sisi ngozi yetu ni nyeupe: unyayo, kiganja, chini ya kucha. Haihusiani na jua. Ni lini mara ya mwisho umetazama unyayo wako? Mama yako ana mstari mweusi kwenye ukucha wa dole gumba unaopanuka, unamwambia ni uchafu wa shamba, au ni damu iliyovilia alipojikwaa, kwa kuwa umeshasoma kwenye grupu kwamba huo ugonjwa ni wa Wazungu.

Bado kuna kidonda ndugu. Kila ukoo una mjomba mwenye kidonda ndugu mguuni, miaka kumi, kumi na tano, kinafungwa na kitambaa, kinafunguliwa, kinafungwa. Kidonda kinachokaa miaka namna hiyo, au kovu kubwa la kuungua moto linalochanika kila mara, linaweza kugeuka saratani ya ngozi, palepale, kwenye mguu mweusi tii. Kikianza kuota nyama pembeni kama koliflawa, na harufu kubadilika, hicho siyo kidonda ndugu tena. Kuna pia yale madoa ya zambarau ya Kaposi ambayo tulizika nayo watu wengi miaka ya UKIMWI, huku matangani tukinong'ona "alikuwa na mkanda wa jeshi". Saratani zinazoonekana kwenye ngozi nyeusi zilikuwa zinapita mbele ya macho yetu, ila tulizipa majina mengine.

Ya mkorogo nitayapita haraka kwa sababu yanasemwa sana, ila yanasemwa vibaya. Ni kweli krimu zenye haidrokwinoni zinaondoa ile rangi inayokukinga, ni kweli za zebaki zinakwenda mpaka kwenye figo, na ni kweli kuna wanawake waliojichubua miaka mingi wamepata saratani shingoni. Lakini yule dada wa kwenye grupu hakuandika ili mtu apone. Aliandika ili mtu aadhibiwe. "Mjiandae." Unadhani mwenye mkorogo akiota kigaga atakwenda kwa daktari akijua mji mzima unamsubiri umcheke? Atapaka poda juu yake.

Sasa kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni ya kweli kiasi, na sitaki kuiruka. Rafiki mmoja aliniambia faraghani, "Ndugu yangu, hizo picha zinachangisha pesa. Kuna watu wamepona kwa sababu picha ilizunguka." Ipo. Nimewahi kuona mwenyewe. Kwa hiyo nikafanya kile ninacholipwa kufanya, nikaifuatilia ile picha ya sikio. Niliipata kwenye kurasa za zamani kabisa, miaka mingi kabla haijafika kwetu. Mahali pengine yule bwana anaitwa mtu wa Mwanza. Pengine ni wa Malawi. Pengine amegeuzwa Mnaijeria na kuna mchungaji anayemwombea. Namba ya mchango ya toleo letu nilipojaribu kutuma shilingi elfu moja ilileta jina la mtu mwingine kabisa, na nilipopiga haikupokelewa, na jioni yake ilikuwa haipatikani. Wenzetu kumi na mmoja walikuwa wameshatuma pesa. Yule bwana wa kwenye picha, kwa umri wa ile picha na ukubwa wa kile kidonda, naamini alishazikwa zamani, na bado anaombwa amina.

Ukitaka kuchangia kuna namna. Uliza mgonjwa yupo hospitali gani, wodi gani, nani daktari wake, na kama yeye mwenyewe amekubali uso wake uonekane. Hakuna majibu, hakuna kurusha. Na kama huna mgonjwa unayemjua, yupo mtoto mwenye ualbino shule iliyo karibu na kwenu. Nenda kamwone mwalimu mkuu umwombe jambo lisilo na gharama: mtoto avae kofia paredi, avae mikono mirefu na suruali au sketi ndefu hata kama sare ya shule ni fupi, asimame kivulini, akae dawati la mbele kwa sababu macho yake nayo hayaoni mbali. Mwalimu mmoja aliwahi kumvua rafiki yetu kofia mbele ya shule nzima kwa kosa la kuvunja sare. Saa nne asubuhi. Alikuwa darasa la tano.

Haya yote niliyaandika kwenye grupu, kwa kifupi kuliko hapa. Msimamizi akajibu kwamba grupu ni la kufahamiana, tusilete malumbano. Watu wanne walinifuata faraghani, mmoja akatuma picha ya unyayo wa baba yake na kuuliza kama lile doa ni la kawaida. Mimi siyo daktari. Nimemwelekeza ampeleke hospitali ya mkoa wiki hii, siyo mwezi ujao, na nimeshampigia mara mbili kumkumbusha mpaka anaanza kuniona kero.

Yule aliyeondoka hajarudi kwenye grupu na ameniambia hatarudi. Juzi alinipigia yeye. Anasema kuna kitu nyuma ya sikio la kulia, anakihisi kwa kidole ila hawezi kukiona hata kwa vioo viwili, macho yake hayafiki. Anaishi peke yake. Aliniuliza kama naweza kupita nimwangalizie. Nikapita jana jioni. Ni kigaga, kidogo, kigumu, ukubwa wa punje ya mchele, na pembeni kuna wekundu. Kliniki ni Jumatatu asubuhi na nimeomba ruhusa kazini, tunakwenda wote. Nitawaambia walichosema, kama yeye mwenyewe ataniruhusu kuandika.